Kodi ya chumba cha nne

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Tunduma kwa wiki mbili, na wanaoijua Tunduma wanajua kwamba kule mtu haendi kupumzika. Vumbi, foleni ya malori, vijana wa kubadilisha kwacha wanaokuita "bosi" kabla hujashuka kwenye basi, na maji ya kununua kwa ndoo. Nilikwenda kumsaidia mama kupanga makaratasi ya nyumba. Ndani ya sanduku la bati nikakuta kauntabuku lake la kodi, na tangu siku hiyo sijatulia. Ndiyo maana leo naandika historia badala ya siasa. (Wale wa siasa vumilieni, itaingia tu yenyewe.)

Nyumba yetu iko Sogea. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Aliijenga marehemu baba miaka ya tisini, tofali moja moja, kwa hela ya kazi ya reli. Mama anakaa vyumba viwili, vinne anapangisha. Kauntabuku limepigwa mistari kwa rula, kila chumba na safu yake. Chumba cha kwanza majina yanabadilika kila baada ya miezi michache. Cha pili hivyohivyo, na cha tatu. Lakini chumba cha nne, kuanzia Machi 2016 mpaka Februari 2023, hakuna jina la mtu. Kila baada ya miezi miwili mama kaandika neno moja tu: TASAF.

Mpangaji alikuwa bibi mmoja na wajukuu zake watatu. Jina lake silitaji, hapendi mambo ya mitandaoni na mimi sina haki ya kumwanika. Tumwite Bibi, kama tulivyomwita pale nyumbani.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilinigusa. Miaka michache nyuma rafiki yangu aliyekwenda kusoma Uingereza alinisimulia habari za kutafuta chumba kule. Matangazo mengi ya nyumba yalikuwa na maneno mawili mwishoni: "No DSS". Alidhani ni aina ya umeme. Kumbe maana yake ni kwamba mwenye nyumba hataki mpangaji anayelipiwa na serikali, yaani mtu anayeishi kwa msaada wa ustawi wa jamii. DSS ilikuwa wizara yao ya hifadhi ya jamii iliyoanzishwa 1988 na kuvunjwa 2001. Wizara ilikufa, tangazo likabaki. Mpaka Julai 2020 ndipo mahakama moja ya mji wa York ilipoamua kwamba kuwakataa watu hao kwa jumla ni ubaguzi, kwa sababu wengi wao ni wanawake na walemavu. Mwaka 2025 bunge lao likapitisha sheria mpya ya haki za wapangaji, na suala hili limo.

Nilipomsikiliza nilicheka. Nikasema sisi Bongo hatuna shida hiyo, kwa sababu serikali yetu hailipii mtu pango. Nilikuwa sahihi nusu. Nusu nyingine ilikuwa chumba cha nne, nyumbani kwetu, na mimi sikuwa nimeiona.

Mwanzoni mwa 2016 Bibi alipokuja kuomba chumba, mama alimkataa. Hili mama mwenyewe amenithibitishia, wala hakuona haya. "Ningemchukuaje? Hana kazi, ana watoto watatu, na hela yenyewe mpaka wapewe." Aliyembadilisha mawazo ni jirani, aliyemwambia kwamba yule bibi ni mlengwa, jina limo kwenye daftari la mtaa, kila baada ya miezi miwili anapata ruzuku. Kwa hiyo kile kile ambacho Uingereza kinamfanya mtu afungiwe mlango, Tunduma ndicho kilimfungulia. Mama hakuona omba-omba, aliona mtu mwenye tarehe ya malipo. Ukiwa na mpangaji wa kuuza mitumba mpakani hujui tarehe yake. Leo ana laki tano, kesho mzigo umekamatwa na mwenyewe hayupo.

Ili muelewe kwa nini jambo dogo hivi lina uzito, inabidi turudi nyuma. Nchi hii imepata kumtazama mwenye nyumba kwa macho tofauti kabisa.

Kwenye Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, kiongozi wa TANU au wa serikali aliwekewa masharti ya uongozi, na mojawapo lilikuwa kwamba asiwe na nyumba anayopangisha. Wengi wetu tunakumbuka Azimio kwa benki na viwanda kutaifishwa, lakini sharti hili lilimgusa mtu nyumbani kwake. Kupokea kodi kuliwekwa fungu moja na kuwa na hisa kwenye kampuni au kuwa na mishahara miwili: ni kula jasho la mwingine. Mwenye nyumba alikuwa kupe.

Miaka minne baadaye maneno yakawa vitendo. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na serikali na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Wengi walionyang'anywa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao wakafunga mizigo wakaondoka. Ukitembea katikati ya Dar ukaona maghorofa ya zamani yenye mwaka na jina la familia juu ya mlango na kibao cha Shirika la Nyumba la Taifa chini yake, historia yake ndiyo hiyo. (Shirika lenyewe ni la 1962, Msajili aliunganishwa nalo 1990.)

Angalieni sasa ile laki moja. Mstari ule uliwagawa wenye nyumba wa nchi hii makundi mawili. Waliokuwa juu yake walipoteza majengo. Waliokuwa chini yake, wenye nyumba za udongo na bati, za ukumbi katikati, hawakuguswa, na ndio wakaendelea kuwapangisha watu maskini. Serikali na shirika lake hazikuweza kujenga za kutosha, kila mtu anajua. Kwa hiyo nchi ya Ujamaa, iliyomwita mwenye nyumba kupe, iliishi ndani ya vyumba vya kupe wadogo wadogo. Na wengi wa hao walikuwa wajane, wastaafu na watu waliojenga kwa kudunduliza kama baba.

Tunduma ya wakati ule ilikuwa kijiji cha mpakani cha Wanyamwanga, watu ambao mpaka wa wakoloni uliwapita katikati, ndugu huku na ndugu Nakonde. Kisha, ndani ya miaka isiyozidi kumi, ulimwengu ukaja kwa mguu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, barabara kuu ya kwenda Zambia ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Chanzo cha yote hayo ni Rhodesia: Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa kizungu Novemba 1965, Zambia ikahitaji njia nyingine ya kupitisha shaba na mafuta, na njia hiyo ikapita Tunduma. Wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Hapo ndipo chumba cha kupanga kilipoanza kuwa biashara kwetu. Sensa ya 2012 ilikuta watu karibu 97,500 Tunduma. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Katikati hapo, mwaka 2016, mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yakawekwa Vwawa, si Tunduma, jambo ambalo watu wa kwetu bado wanalinung'unikia vijiweni. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde. Kila moja ya hayo lilileta watu, na kila mtu aliyekuja alitafuta chumba.

Na sheria je? Hapa ndipo wasomaji wangu wengi, ambao ni wapangaji kama mimi, watashangaa. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Wakoloni walianza nayo wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya Uhuru ikaendelea kwa sura mbalimbali, ya mwisho ikiwa ya 1984. Kulikuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa. Kulikuwa na kodi halali, na mwenye nyumba hakutakiwa kumtoa mpangaji hivihivi bila amri ya baraza. Mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa. Wakati huo nilikuwa shule ya msingi, sikumbuki mtu yeyote akiizungumzia. Hoja ya kuifuta ilieleweka: huwezi kuwaambia watu wajenge nyumba za kupangisha na huku umewafunga mikono. Tayari Azimio lenyewe lilikuwa limelegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Kupe alisamehewa kwanza, kisha akafunguliwa kamba.

Tangu hapo mkataba ndio sheria, na mkataba anaandika mwenye nyumba. Ndiyo maana wewe msomaji unadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu. Mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yapo, lakini nenda kamuulize mtu wa chumba cha elfu kumi na tano kama amewahi kupeleka kesi kule. Nauli na siku za kibarua atakazopoteza zinazidi kodi anayogombea.

Basi, ndani ya nchi hiyo isiyo na kikomo cha kodi, ndipo ruzuku ikaja.

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na miaka ya mwanzo ilijulikana kwa madarasa, zahanati na visima. Wazo la kuwapa watu fedha mkononi lilijaribiwa kuanzia 2010 kwenye vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Agosti 2012 Rais Kikwete akauzindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Wakati ule watu wa mjini tulikuwa na maneno mengi: watanywea pombe, wataoa wake wengine, watazaa ili walipwe. Ilipofika katikati ya muongo ule kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa ndani ya mpango. Fedha zilipokelewa zaidi na wanawake, zilitolewa kila baada ya miezi miwili, na zilikuwa na masharti: mtoto mchanga apelekwe kliniki, mwanafunzi ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku. Mtoto akitoroka, kipande chake kilikatwa.

Tupige hesabu ya Bibi kwa viwango vya awamu ile (vilibadilishwa baadaye). Kila kaya shilingi 10,000 kwa mwezi. Ikiwa na watoto, 4,000 zaidi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000. Wajukuu watatu, wote msingi: jumla 20,000 kwa mwezi, yaani 40,000 kila dirisha la malipo. Kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa haikuvuka 38,000 kwa mwezi.

Mama alimpa chumba kwa 15,000 kwa mwezi. Hakumdai miezi sita. Walikubaliana mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba atalipa miezi miwili miwili, 30,000, siku ya pili baada ya malipo. Bibi akabaki na 10,000. Chakula alitafuta mwenyewe, kwa kuchambua maharage na kupepeta mchele wa wafanyabiashara wa mpakani, na kuuza mkaa kwa kopo.

Sijui kama mmeiona hesabu ilivyokaa. Robo tatu ya fedha iliyotolewa na taifa kumnusuru yule bibi ilivuka ukumbi, mita nne hivi, ikaingia kwenye sanduku la bati la mama yangu.

Nilimuuliza mama kwa nini Bibi hakwenda kutafuta chumba cha bei rahisi zaidi, maana kuelekea Mpemba na Chapwa vilikuwepo. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Jina lake limo kwenye daftari la huku."

Jibu hilo nimelifikiria sana. Walengwa walipatikana kwa mkutano wa mtaa. Watu walikaa, wakataja kaya wanazoona ni maskini kuliko nyingine, kisha yakafuata madodoso na uhakiki. Kijijini utaratibu huo una maana, watu wanajuana mpaka idadi ya kuku. Mjini ni habari nyingine. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita nani atamtaja? Hata balozi hajui jina lake. Bibi alitajwa kwa sababu alikuwa amekaa mtaa ule miaka mingi, chumba hiki na kile, na alishafanya vibarua nyumba nyingi. Baadaye yakaja mambo ya kaya hewa, uhakiki ukapita nchi nzima na majina mengi yakafutwa. Baada ya hapo hakuna mlengwa wa Sogea aliyetaka kufanya jambo lolote la kumfanya aonekane hayupo. Labda kungekuwa na njia ya kuhamisha taarifa zake. Bibi hakutaka kujaribu bahati. Aliamini kwamba akihama mtaa, jina litabaki nyuma na yeye atakwenda mbele, na hawataonana tena.

Maana yake, ruzuku ilimpa hela na papo hapo ikampa kamba. Mpangaji yeyote silaha yake ni moja: kuhama. Mimi nikipandishiwa kodi Kimara nahamia Mbezi, nakasirika njia nzima, lakini nahama. Bibi silaha hiyo hakuwa nayo, na mwenye nyumba yeyote wa mtaa ule mwenye akili timamu alilijua hilo. (Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni kwa sababu ya umri wake, si ya kaya wala ya kutajwa na majirani. Ilianza na 20,000 kwa mwezi. Simfanyi Bibi kuwa Mzanzibari, nasema tu kwamba inawezekana.)

Sasa nifike mahali ambapo nilitamani nisifike.

Machi 2018 safu ya chumba cha nne inabadilika. Badala ya 30,000 kila miezi miwili, panaandikwa 40,000. Mama alipandisha kodi kutoka 15,000 mpaka 20,000 kwa mwezi. Rudini kwenye hesabu muone: 40,000 ndiyo ruzuku yote. Yote.

Na mimi najua kwa nini alipandisha, maana nilikuwepo, kwa simu. Nilikuwa nimepata kazi ya kuandikia gazeti, malipo kwa habari, na nilikuwa nimepanga chumba Kimara kwa laki moja kwa mwezi, miezi sita mbele. Laki sita. Nilimpigia mama. Akasema hana. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, "Si upandishe vyumba, mama? Mbona Tunduma yote imepanda?" Dalali tayari alikuwa amemletea mtu wa duka la simu anayetaka chumba cha nne na yuko tayari kulipa miezi sita taslimu. Nilimwambia amchukue huyo. Nilisema Bibi atapata kwingine.

Mama hakumtoa. Alimpandishia. Kwake hiyo ilikuwa njia ya katikati, na mpaka leo anaamini alimtendea wema, kwa sababu yule wa simu angelipa 25,000. Alinisimulia jinsi alivyokwenda kumwambia. Alibisha hodi, akasema shikamoo, maana Bibi ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, akakaa kwenye kigoda, wakaongea habari za mahindi, kisha akasema. Bibi akajibu, "Sawa, mwanangu." Hakubishana. Mara zote, kwa miaka saba, mama alipokwenda kudai kodi alianza na shikamoo, na Bibi akaitikia marahaba.

Ningekuwa msomaji wa kawaida wa habari hii ningetafuta mbaya ni nani. Mwaka 1967 ungempata kirahisi, ni yule mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba huyu ni mjane mwenye vyumba vinne vyenye bati linalovuja, hana pensheni, na mtoto wake msomi yuko Dar anaomba hela. Yeye na mpangaji wake wananunua maji kwa kijana yuleyule wa mkokoteni. Tofauti yao ni hati moja ya kiwanja.

Mwezi Mei 2020 wale wapangaji wa maana ndio walioanguka. Zambia ilikuta wagonjwa wengi wa korona Nakonde, na Rais Lungu akaufunga mpaka wa upande ule. Malori yalikwama barabarani kwa urefu ambao sijawahi kuuona. Ulidumu siku chache kabla ya kuanza kulegezwa, lakini mji unaoishi kwa kuvuka ukikaa bila kuvuka, siku chache ni nyingi. Chumba cha kwanza mpangaji aliondoka usiku na funguo. Cha pili aliomba asubiriwe, akasubiriwa mpaka basi. Cha tatu alilipa nusu. Kwenye kauntabuku mwezi huo kuna mistari mitupu mitatu, na chumba cha nne pameandikwa "TASAF" na pembeni, kwa herufi ndogo, "kuku 2".

Nikauliza kuku wamefikaje hapo. Walengwa walikuwa wakihimizwa kujiunga vikundi vya kuweka akiba na kufuga. Bibi, katika ile 10,000 iliyokuwa ikibaki zamani kabla hatujaichukua, alinunua vifaranga. Mei 2020 hakuwa na fedha taslimu ya kutosha, akampelekea mama kiasi alichokuwa nacho na majogoo wawili, akasema wahesabu wenyewe. Mama aliandika TASAF kwa mazoea tu, ile ilikuwa hela ya mkaa na kuku. Miaka ile, asema, angetakiwa kuchagua mpangaji mmoja wa kubaki naye maisha, angemchagua Bibi.

Mwaka uliofuata ikaja kodi ya majengo kwenye LUKU. Wengi mnakumbuka kelele za Agosti 2021: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa ukinunua umeme. Kodi ni ya mwenye jengo lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Serikali ikasema mkaelewane na wenye nyumba zenu. Mkaelewane! Nyumbani mita ni moja, na vyumba vinachangia umeme. Mama aliigawa ile elfu moja kwa watu wote wa nyumba, mwenyewe akiwemo, mia mbili mbili. Bibi alikuwa na balbu moja tu. Akachangia mia mbili zake za kodi ya jengo ambalo si lake, kwa kipindi chote kilichobaki, na ilipopanda kuwa 1,500 mwaka 2023 alikuwa ameshaondoka.

Aliondoka vizuri, nisiwatie huzuni. Mjukuu mkubwa amepata kazi kwenye gereji ya malori kuelekea Mpemba, wamepanga vyumba viwili, na Bibi amewachukua kuku. Daftari la mtaa halimsumbui tena kama zamani. Siku ya kuhama alikuja kuaga, akamwachia mama tetea mmoja.

Chumba cha nne sasa yuko kijana wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Kijana mzuri, shati limenyooshwa, analipa 35,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Kwa hiyo safu yake kwenye kauntabuku ina maandishi mara mbili tu kwa mwaka na kurasa zinabaki nyeupe.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi Dar mama aliniomba nimjumlishie chumba cha nne, alitaka tu kujua. Nikatoa simu nikapiga. Miezi 24 ya kwanza kwa 15,000 ni laki tatu na sitini elfu. Miezi 60 kwa 20,000 ni milioni moja na laki mbili. Mama akasema, "Loo, Bibi amenilisha." Kisha akaenda kulala.

Mimi nikabaki nayo. Kile kilichoongezeka Machi 2018, elfu tano mara miezi 60, ni laki tatu. Kodi yangu ya Kimara, miezi mitatu.